Mjumbe wa Hodi Tatu

Alikuwa akibisha hodi chooni kwake mwenyewe. Msicheke kwanza. Nimesikia kwa masikio yangu haya, maana ukuta wa uani kwake ndio uliokuwa ukuta wa uani kwangu, pale Ngamiani, na kuku wetu walitaga popote penye kivuli bila kuuliza mwenyewe nani. Alfajiri utausikia mtalawanda wake, kiatu chake cha mti, ka, ka, ka, halafu unyamaze. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi chooni!" Hapo mkewe, tuliyemwita Bi Mkubwa, huitika kutoka jikoni na moshi umemjaa kooni: "Karibu Bwana, hamna mtu humo, ingia utupumzishe!" Naye hujibu, "Starehe," kama asemavyo mgeni anapoingia ukumbini ili wenyeji wasijisumbue kuinuka, kisha mlango ulie.

Bi Mkubwa akisafiri kwenda Amani kwa binti yake, kazi ya kuitika ilikuwa yangu. Nakanda unga, nasikia hodi ya tatu, napaza sauti juu ya ukuta: "Karibu!" Nisipoitika haingii. Hodi tatu, ukikosa jibu unarudi ulikotoka. Ndiyo adabu aliyolelewa nayo, na sisi sote tumelelewa nayo. Ila sisi tuliiacha kwenye milango ya watu, yeye akapanda nayo meli mpaka Dar es Salaam akataka iwe sheria ya nchi. Na kwa sababu ya hodi hiyo nilipoteza cherehani yangu, cherehani ya mkono niliyopewa na marehemu mama siku ya arusi yangu, kitu pekee cha thamani nilichokuwa nacho duniani ukiacha mume na mtoto. Nitafika huko, msinikimbize.

Tulimwita Mjumbe. Aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria miaka ile ya hamsini, watu weusi humo wakiwa wa kuhesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Mrefu, mwembamba, kanzu nyeupe, koti jeusi, tarbushi nyekundu, na mwavuli asioufungua hata mvua ya masika inyeshe vipi. Siku moja nilimkuta barabarani amelowa chapachapa, mwavuli kwapani. Nikamwambia, "Shikamoo Mzee. Mbona hujifuniki?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Huu mwavuli ni wa Barazani."

Mambo ya serikali alikuwa nayo maneno ambayo nayajua mpaka leo, kwa kuyasikia kila siku juu ya ukuta nikianika nguo. "Serikali ni chumvi," alisema. "Ikipungua utaongeza. Ikizidi utafanyaje? Utamwaga mchuzi na nyama yake." Tena aliamini kwamba nchi ina pishi moja tu ya sheria, kama pishi ya mchele. Ukitaka kutia sheria mpya, mwaga kwanza ya zamani, la sivyo zitafurika na watu watakuwa wanazikanyaga njiani. Na kweli alikuwa akitembea kwa uangalifu karibu na ofisi za wakubwa, ananyanyua kanzu.

Bwana Afya alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuchungulia mitungi ya maji, akitafuta viluwiluwi vya mbu. Sote tuliona kero tukanyamaza. Mjumbe hakunyamaza. Alikaa kitako mbele ya mtungi wake, miguu ameikunja, akamwambia, "Serikali imeingia nchini, nikasema sawa. Imeingia mjini, sawa. Imeingia mtaani, haya. Sasa inataka kuingia mtungini mwangu?" Bwana Afya akasema, "Mzee, ni viluwiluwi tu." Mjumbe akajibu, "Hawa viluwiluwi wamezaliwa humu. Wewe umezaliwa wapi?" Maskini Bwana Afya, mtu wa Lushoto, akaandika kitu kwenye daftari akaenda zake. Na jioni hiyohiyo, wallahi, Mjumbe alikuja mlangoni kwangu, hodi tatu, kuniambia nimwage maji ya mtungi wangu maana mbu wangu wanavuka ukuta.

Ndivyo alivyokuwa. Ilipotoka amri ya baiskeli kuwashwa taa usiku, yeye akawa anaendesha usiku bila taa, na mchana anawasha. "Taa ya usiku ni ya serikali," alisema. "Taa ya mchana ni yangu." Alianguka mtaroni mara tatu nijuazo mimi.

Na mtu huyu aliyeichukia amri, nyumbani kwake alikuwa na amri arobaini na moja! Alizitia kwa wino mweusi, kwa herufi za Kiarabu, juu ya ubao nyuma ya mlango wa jiko. Mwiko haulazwi kifudifudi. Ndoo haiulizwi imetoka kisimani saa ngapi, bali husema yenyewe. Hiyo ya pili mpaka leo sijaielewa. Bi Mkubwa alizisoma zote, akachukua kaa la moto lililozimika, akaongeza chini yake ya arobaini na mbili: mwenye sheria ajipikie. Mjumbe alikula maembe siku mbili. Siku ya tatu akaifuta ile ya mwiko na ile ya ndoo, ili pishi isifurike, akarudishiwa wali wake.

Vijana wa siasa walikuwa wakimwona kibaraka, na usoni hawakumficha. Walimjia siku moja barazani kwake, mashati yamenyooshwa, wanamwambia wakati wa wazee umekwisha, serikali sasa itakuwa yetu. Aliwapa kahawa. Akawasikiliza mpaka mwisho, maana kumkata mtu kauli ilikuwa imekatazwa katika sheria ya kumi na nane. Halafu akauliza, "Yetu. Vizuri sana. Na hiyo yetu itabisha hodi?" Wakacheka. Yeye hakucheka. Nilikuwa nimekaa kwa ndani, kwa Bi Mkubwa, nikamwona amekitua kikombe chake bila kukionja.

Sasa mume wangu, Baba Mwanaidi, alikuwa askari polisi. Koplo, tepe mbili begani, mtu mpole mwenye kupenda kazi yake kuliko alivyopenda usingizi. Mjumbe alimheshimu sana kama jirani na hakumwamini hata kidogo kama askari. "Askari si mtu mbaya," alikuwa akinifariji. "Lakini mpe mtu firimbi, atapuliza. Mpe rungu, atatafuta kichwa." Nilikuwa namwambia, "Mzee, huyu wangu hata kuku hachinji." Anajibu, "Ndiyo. Lakini rungu halijui hilo."

Hotuba yake ya Barazani aliifanyia mazoezi miezi mingi, na aliyehutubiwa ni sare ya mume wangu. Nikiifua, nikiianika kambani, kaptura na shati la kaki vikijaa upepo, Mjumbe anakuja upande wake wa ukuta, anakohoa, anainua kidole: "Wewe askari! Unaingia nyumba ya mtu kama upepo! Mwenye nyumba ni nani, wewe au yeye?" Sare inapepea. "Unanijibu kwa miguu?" Na Baba Mwanaidi, ambaye sare yake ilikuwa hiyo moja, yuko chumbani amevaa kikoi, anasikia yote, anaogopa kukohoa. Siku moja upepo ulikata, shati likainama. Mjumbe akaridhika. "Umetambua kosa lako," akaliambia, akaingia ndani.

Hoja yenyewe ilikuwa fupi. Askari yeyote, mweupe au mweusi, asivuke kizingiti cha mtu mpaka abishe hodi mara tatu na aitikiwe karibu. Basi. Kiingereza alikijua cha kutosha kukataa vitu, lakini neno hodi hakulipatia mwenziwe. Kwa hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, alisimama kule akasema Kiingereza kitupu, na katikati akaliweka hodi kama lilivyo. Wakubwa wakatazamana. Wakanong'ona. Wiki ya pili akapewa jibu la maandishi, nalo alilihifadhi ndani ya msahafu: serikali imepokea malalamiko ya Mheshimiwa kuhusu Bwana Hodi, ila mtu wa jina hilo hakuonekana katika daftari za askari wa Tanga.

Mngedhani yameishia hapo. Inspekta mmoja wa Kizungu, kijana, mgeni, aliyekuwa mkubwa wa mume wangu kituoni, alitaka kupendwa na wazee wa mji. Akasema, haya, tujaribu hiyo hodi mitaa hii yetu tu, tuone. Askari wakapangwa mstari wakafundishwa kubisha hodi. Watu waliozaliwa Tanga, Kigombe, Pangani, wakafundishwa hodi na Mzungu!

Lo, mwenzangu. Mji ulipumzika. Kwanza, ukishaambiwa karibu wewe ni mgeni, na mgeni haachwi na mdomo mkavu. Askari anakwenda kumkamata mwizi wa nazi, anabisha hodi, anakaribishwa, anawekewa mkeka, inaletwa kahawa, inaletwa kashata, anaulizwa hali ya mama yake mzazi. Sasa umekula kashata ya mtu, utamtia pingu kwa mkono upi? Baba Mwanaidi alirudi jioni ameshiba, chakula changu hakitaki, na mtu hakukamata. Alinenepa mpaka nikamtolea kaptura pindo.

Pili, nyumba zina wanawake. Hodi ikipigwa, mwanamke anajibu, "Subiri, najitanda." Kujitanda kanga hakuna saa. Mume anatoka kwa mlango wa uani, anavuka barabara mbili, na akiwa na adabu anarudi kwa mlango wa mbele kuwasalimu askari wanaomngoja.

Hata Mjumbe ilimpata. Ngawa aliingia bandani kwake mchana kweupe akawa anakula kuku. Mjumbe akatoka na firimbi, nayo sijui aliitoa wapi, akapuliza mpaka mishipa ikamtoka. "Polisi! Serikali iko wapi?" Mume wangu akakimbia, akafika mlangoni, akasimama. "Hodi!"

"Ingia!"

"Hodi!"

"Ingia we! Kuku wanakwisha!"

"Hodi! Mzee, sheria inataka karibu. Ingia si karibu."

Mjumbe akamtazama kwa muda, kuku wanalia nyuma yake. "Kweli," akasema. "Karibu." Ngawa alikuwa amekwisha kunawa.

Nami nilicheka siku ile mpaka nikashika ukuta. Kicheko kikaniishia wiki iliyofuata, nilipotoka sokoni nikakuta meza tupu. Cherehani yangu haipo.

Mtaa mzima ulijua ni nani. Kulikuwa na mtu tukimwita Taratibu, kwa kuwa aliiba bila kuvunja kitu na alirudisha mlango. Mkewe alikuwa mshoni kama mimi, lakini wa mkono. Siku ya nne nikipita kwao nasikia cherehani inakwenda, na haikuwa cherehani yoyote ile. Yangu ilikuwa na mlio wake: ikifika kwenye mshono mnene, hulia kwii, kama mtoto aliyefinywa. Nikasimama barabarani. Mama yangu aliinunua kwa kusuka ukili wa mikeka miaka mingi. Alipoikabidhi kwangu aliniambia, "Mume anaweza kwenda. Hii haiendi." Nayo ikaenda.

Nikamkimbilia mume wangu. Akasema, "Nitakwenda, lakini nitabisha hodi." Nikamkimbilia Mjumbe, nikamwangukia miguuni, nikamwambia hii hodi yako iondoe leo tu, kwa ajili yangu. Alinisikiliza. Akavaa tarbushi, akachukua mwavuli. "Nitakwenda mwenyewe," akasema. "Mimi wataniitika."

Tukafika baada ya sala ya alasiri: Mjumbe, mume wangu na mimi. Mlango wa Taratibu uko wazi, pazia tu linaning'inia. Ndani, trrr, trrr, kwii. Mjumbe akabisha. Mwanamke akauliza, "Nani?"

"Mjumbe."

"Aa, Mzee! Subirini kidogo, namalizia pindo la kanzu yako."

Nikamgeukia. Ndiyo, alikuwa amempelekea kitambaa cha kanzu ya Barazani. "Wewe cherehani yako imeibiwa," akaniambia kwa upole, "nikaona nisikusumbue." Na akakaa kwenye kibaraza, mwavuli magotini.

"Mzee," mume wangu akasema, "mlango uko wazi."

"Mlango kuwa wazi si karibu."

"Tunaisikia hii hapa!"

"Kusikia pia si karibu."

Tukakaa. Trrr, kwii. Halafu kimya. Halafu, kutoka nyuma ya nyumba, akazunguka Taratibu mwenyewe, kitu kizito kichwani, kimeviringwa kwenye mkeka wenye pindo nyekundu na kufungwa kamba. "Asalaam alaykum," akasema. Mjumbe akajibu salamu, akakunja miguu ampishe.

Mume wangu akaruka. "Simama! Umebeba nini?"

"Mkeka."

"Ndani ya mkeka?"

Mjumbe akainua mwavuli. "Koplo! Umefungwa huo mkeka, haukufungwa?"

"Umefungwa, Mzee."

"Kilichofungwa kina mlango. Chenye mlango kina hodi."

Baba Mwanaidi alinitazama. Alimtazama Mjumbe, ambaye angemfikia Inspekta na mashtaka kabla ya magharibi. Watu walikwisha jaa barabarani. Na mume wangu, baba wa mwanangu, akainuka kwa ncha za vidole mpaka usawa wa mkeka ule kichwani mwa mwizi, akasema, "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi!"

Taratibu, kutoka chini yake, akasema, "Naona wenyewe hawapo," akaenda zake. Tulisikia baadaye kwamba alikwenda moja kwa moja mpaka Ushongo, ng'ambo ya Pangani. Mkewe akatoka na kanzu imekunjwa vizuri. Mjumbe akaipima mabegani, akatazama mshono, akasema umenyooka.

Habari ya koplo aliyebishia mkeka hodi ilifika kituoni kabla yetu. Inspekta akaifuta hodi siku ileile, na kwa kuwa lazima mtu alaumiwe, akamvua mume wangu tepe zote mbili. Mjumbe akapanda meli na ile kanzu, akahutubu Barazani juu ya mali ya mtu kuwa ni haramu kwa mwenziwe.

Nilikuwa najua kwa nini yuko vile. Lazima niseme, isije ikawa nimemfanya kichekesho tu. Bi Mkubwa alinisimulia zamani, tukichambua mchele. Mama yake Mjumbe alipofariki, wanawake walikuwa wakimwosha chumbani, mlango umerudishwa. Wakaja askari wa kodi kumtafuta kaka yake Mjumbe. Hawakubisha. Waliusukuma mlango, wanaume watatu na viatu vyao, na mama wa watu yuko juu ya kitanda hana nguo, maji yanamchuruzika. Mjumbe alikuwa nje ameshika ndoo. Usiku ule, Bi Mkubwa alisema, aliingia chumba kile kitupu, akasimama mlangoni, akabisha hodi mara tatu.

Nilijua hayo, na sikuyajali. Hasira haina kumbukumbu, na mimi hasira yangu si ya kuuza. Nilimnunia Mjumbe mwaka na nusu. Nikamkataza Baba Mwanaidi kumtaja nyumbani mwangu, wala jina wala kivuli. Niliposhona, nilishona kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu, na kila sindano iliponichoma nilimtaja mimi mwenyewe, maana sheria ilikuwa yangu.

Safari moja alitoweka siku kumi na tano. Tukadhani yuko Barazani. Tangu aliporudi akaanza mchezo. Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, mume wangu yuko zamu, nasikia hatua zake nzitonzito zinakuja mlangoni kwangu. Kitu kinatuliwa kibarazani, puu, nami nadhani ni makalio yake. Kisha: "Hodi." Mimi niko ndani, mdomo nimeufumba. "Hodi." Natabasamu peke yangu gizani kama mchawi. "Hodi, mama Mwanaidi." Siitiki. Nasikia anashusha pumzi, hatua zinarudi. Sheria ni yako, Mzee, nasema moyoni, ionje. Ijumaa baada ya Ijumaa. Ilikuwa ndiyo furaha yangu ya wiki.

Mpaka asubuhi moja, Bi Mkubwa yuko matangani Muheza. Nikausikia mtalawanda. "Hodi." Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza siku tatu zilizotangulia. "Hodi." Nikanyamaza. "Hodi chooni." Nikanyamaza. Mwisho mlango ukalia, bila karibu ya mtu, jambo ambalo sijapata kulisikia miaka yote ile. Ukafuata mshindo, na mtalawanda mmoja ukabiringika uani.

Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Nikamwamsha mume wangu, akavaa sare mbiombio, tukapita kwa mlango wa uani. Choo na bafu vilikuwa pamoja nyuma ya mlango ule, na mbele ya bafu pana pazia la gunia. Baba Mwanaidi akasimama mbele ya gunia.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Nikaanza kulia. "Hodi, Mzee!"

Sauti nyembamba ikatoka ndani: "Ya nne haimo."

"Mzee, umeumia?"

"Nimeumia. Nyonga."

"Basi nikaribishe!"

"Sina nguo," akasema. "Siwezi kumkaribisha askari sina nguo."

Nikamsukuma mume wangu. "Ingia wewe, mwanamume!" Hakuingia. Alisimama pale, uso umebadilika, nikajua anafikiri kile ninachofikiri na mimi: kile chumba, kile kitanda, wale wanaume watatu. Akaichukua shuka ya Bi Mkubwa kambani. Akavua kofia akanipa. Akaligeuzia gunia mgongo.

"Mzee, mimi siingii," akasema. "Mimi natoka. Natoka kinyumenyume."

Mjumbe alikuwa amelala juu ya sakafu ya baridi na nyonga imevunjika, na alikuwa anaipima hoja.

"Umefumba macho?"

"Nimefumba."

"Kofia?"

"Nimevua."

"Basi karibu, mwanangu."

Mume wangu akaingia mgongo mbele, macho kayafumba, shuka ameishika nyuma kwa mikono miwili. Alimfunika kwanza. Ndipo akayafumbua. Akamtoa amembeba mikononi kama mtoto mchanga, akampeleka chumbani akamlaza.

Mimi nilibaki nje na kofia. Sikujua niende au nibaki. Mwisho nikabisha, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuitambua.

"Karibu, mama Mwanaidi," akasema. "Karibu sana."

Nikaingia. Miguuni mwa kitanda pana mkeka wenye pindo nyekundu, umefungwa kamba. Sikuhitaji kuufungua. Niliushika tu kwa juu, nikaukuta mpini wa cherehani yangu chini ya ukili.

"Imetiwa mafuta," Mjumbe akasema. "Ila ule mlio haukutoka."

"Umeipata wapi?"

"Ushongo. Nilimbishia hodi Taratibu siku kumi na moja. Tatu asubuhi, tatu adhuhuri, tatu jioni, kila siku. Hakuitika, nikarudi, nikaja tena. Siku ya kumi na moja akatoka nayo kichwani, akaniambia, chukua, Mzee, niache nilale."

"Na mbona hukunipa?" nikapiga kelele. "Mwaka mzima! Mbona hukunipa?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa chuoni aliyesahau alif.

"Nilikuletea," akasema. "Kila Ijumaa. Nikaiweka kibarazani, nikabisha. Hukuitika."

Nilikaa kitako sakafuni nikalia kwa sauti, sina haya, nimeukumbatia mkeka. Baba Mwanaidi akawa anatazama dari. Mjumbe alingoja nimalize, maana kumkata mtu kilio nako kulikatazwa kwenye ubao.

Nilipopata pumzi nikasema, "Karibu."

"Nini?"

"Nakuitika, Mzee. Hodi zako za Ijumaa. Karibu."

Akafikiri. "Ziko nyingi. Ya Ijumaa ipi?"

"Zote, Mzee. Karibu zote."

Akafumba macho, uso ukamlegea, na pale alipolala, juu ya kitanda chake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaingia nyumbani kwangu.

"Starehe," akasema.